Mwenye Kovu Naye Aulizwe

Kwa wapenda haki wote wa Thika na Ruiru, na kwa waumini wa kila kanisa lililothubutu kusema wakati kusema kulikuwa hatari:

Kila alfajiri maelfu yetu hupanda matatu Makongeni, Juja, Kihunguro na Githurai, tukaelekea Nairobi kutafuta riziki. Kabla ya kufika Pangani, barabara hutupitisha karibu na Hospitali ya Mathari. Wako abiria wanaofanya mzaha wakilipita lango lile, na wako wasioligeuzia hata jicho. Lakini yuko pia abiria anayenyamaza. Anajua kwamba nyuma ya ukuta ule, katika kitengo cha ulinzi mkali, yumo mtu aliyemwulia mume, au mtoto, au mzazi. Mahakama ilikwisha kusema kwamba mtu huyo alitenda, na kwamba alipotenda hakuwa na akili timamu. Abiria huyu hana ugomvi na uamuzi wa mahakama. Ana swali moja tu: siku atakapotoka, nani ataniambia?

Makala haya yanahusu swali hilo. Tunasema wazi tangu mwanzo kwamba katika nchi iliyojipa Katiba mpya mwaka wa 2010, ni aibu familia ya marehemu kupata habari za kuachiliwa kwa aliyeua kwa kukutana naye kituoni. Tunasema pia, ili asitokee wa kutusingizia, kwamba hatudai mgonjwa afungiwe milele. Tunadai kwamba mwenye kovu naye aulizwe.

MFANO WA MAMA MMOJA

Hatutamtaja mtu kwa jina, wala kisa hiki hakikuchukuliwa nyumbani kwa yeyote. Ni mfano tu, na msomaji atakayeona unafanana na jambo analolijua ataelewa kwa nini tumeuweka hapa.

Tumfikirie mama aishiye Gitothua, upande wa Ruiru. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alianza kusikia sauti akiwa kijana. Familia ilimpeleka kwa waganga, ikampeleka kwenye maombi, na mara mbili ikampeleka hospitalini. Dawa zilipokwisha, nauli ya kwenda kuchukua nyingine nayo ilikuwa imekwisha. Usiku mmoja akamkata kaka yake kwa panga. Mama akabaki na watoto watatu, na mkubwa wao aliyaona yote.

Kesi ikasikizwa. Daktari wa akili akatoa ushahidi, jaji akatoa uamuzi, shemeji akaondolewa kwa mlango wa nyuma. Mama, aliyekuwa shahidi wa kwanza, akaambiwa asante, sasa unaweza kwenda. Akaenda. Miaka kumi na mmoja ikapita. Jumamosi moja anarudi kutoka sokoni na kikapu cha viazi, anamwona shemeji ameketi mbele ya nyumba ya mama mkwe, hatua thelathini kutoka mlangoni pake. Amenyolewa, amenenepa, anatabasamu. Pengine amepona kabisa. Pengine mfukoni ana dawa za mwezi mmoja tu na hana barua ya kliniki. Mama hajui. Mwanawe mkubwa, ambaye sasa ni kijana, anajua kidogo zaidi ya hapo: anajua alichokiona akiwa mtoto. Usiku huo halali. Anakaa nyuma ya mlango na rungu mkononi.

Hesabuni basi wangapi wamewekwa hatarini kwa kukosekana barua moja. Mama yuko hatarini, na watoto wako hatarini. Kijana mwenye rungu yu karibu kuwa mshtakiwa mwenyewe. Na yule mgonjwa aliyerudi, ambaye huenda amepona na anataka tu kuomba msamaha, ndiye aliye hatarini kuliko wote. Ukimya wa ofisi haukumlinda mtu yeyote katika boma lile.

RADHI YA MTU MMOJA

Ukimya huu haukuanguka kutoka mbinguni. Una mizizi, nayo ni ile ile tuliyoichimba tulipodai vyama vingi.

Kifungu cha 166 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, ambayo tuliirithi kwa mkoloni, kiliuweka utaratibu hivi. Mahakama ikiridhika kwamba mshtakiwa alitenda kosa lakini akili yake ilikuwa imeharibika, humwona ana hatia lakini ni mwendawazimu. Kisha hupeleka taarifa kwa Rais, naye Rais huamuru mtu huyo awekwe katika hospitali ya akili, gerezani, au mahali pengine pa usalama. Idadi ya miaka haitajwi. Baada ya miaka 3 msimamizi wa mahali hapo huandika ripoti kwa Waziri, ili Rais aizingatie. Baada ya hapo huandika nyingine kila miaka 2. Rais akiisha kuizingatia aweza kuamuru mtu huyo aachiliwe, kwa masharti ya kuwa chini ya uangalizi, au abaki pale alipo.

Kwa lugha ya mahakama huku kuliitwa kuzuiliwa kwa radhi ya Rais. Neno lenyewe ni la Kiingereza cha kale. Mwaka wa 1800 askari mmoja wa zamani aliyeitwa James Hadfield alimfyatulia bastola Mfalme George wa Tatu ndani ya ukumbi wa maonyesho mjini London. Alipoonekana kuwa na wazimu, Bunge la Uingereza lilitunga haraka sheria ya kumweka kizuizini hadi radhi ya Mfalme itakapojulikana. Neno hilo likasafiri na meli, likaja na Gavana. Mfalme akaenda zake, Gavana akaenda zake, bendera ikashushwa Desemba 1963, neno likabaki. Aliyebadilishwa ni mwenye radhi tu.

Sisi tunaijua radhi ya namna hiyo. Julai 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia waliwekwa kizuizini bila mashtaka kwa sababu ya kudai vyama vingi. Sheria iliyotumika ilikuwa nyingine, lakini mazoea yalikuwa yale yale: uhuru wa binadamu kuwekwa katika jalada, jalada kuwekwa katika ofisi moja, na ofisi hiyo kutowajibika kwa yeyote. Mwanasiasa akizuiliwa, dunia nzima hupiga kelele. Mgonjwa wa akili akizuiliwa miaka ishirini kwa sababu ripoti yake haikuandikwa, au iliandikwa ikalala katika dawati la wizara, hapigiwi kelele na mtu. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilipotoa ripoti yake kuhusu afya ya akili mwaka wa 2011, ilieleza jinsi serikali moja baada ya nyingine zilivyoipuuza huduma hii. Sisi wanaharakati nasi tukiri kwamba tulichelewa.

Mahakama ndiyo iliyotangulia. Tangu 2016 majaji kadhaa wa Mahakama Kuu wamesema kwamba kumzuilia mtu bila kikomo kwa radhi ya Rais hakupatani na Katiba: ni kumtesa mgonjwa, na ni kumpa Rais kazi ya hakimu. Wengine wao wakaamuru mambo ya wagonjwa hao yarudi mbele ya mahakama, pamoja na ripoti za madaktari. Tunawapongeza. Hiyo ndiyo demokrasia kuingia mahali ambapo hakuna kura inayopigwa.

Lakini hapa ndipo tunapotaka wasomaji wetu wasimame nasi na kutazama vizuri. Kisomeni kifungu kile cha 166, jinsi kilivyokaa vitabuni miaka yote hiyo. Yumo mshtakiwa, wamo jaji, Waziri, msimamizi wa hospitali na Rais. Aliyekatwa panga hayumo. Mjane hayumo. Mtoto aliyeona hayumo. Ikiwa tutamwondoa Rais na kumweka jaji, kisha tukaacha orodha iliyobaki kama ilivyo, tutakuwa tumebadili mwenye ufunguo tu. Mlango mpya usirithi upofu wa mlango wa kale.

MAMA WA ALIYEFUNGWA NA MAMA WA ALIYEUAWA

Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa pamoja na Wangari Maathai, waliketi katika bustani ya Uhuru Park wakagoma kula, wakidai wana wao waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa virungu na gesi ya machozi. Wazee wale wa kike hawakukata tamaa. Walipokelewa katika Kanisa Kuu la All Saints, wakaishi humo miezi mingi, na mmoja mmoja wana wao wakatoka.

Sisi tunawaenzi akina mama hao, na ndiyo maana tunathubutu kuuliza. Mama wa aliyefungwa alipata kanisa la kumpokea, mawakili wa kumwandikia, na magazeti ya kumpiga picha. Mama wa aliyeuawa amepata nini? Harakati zetu zimejifunza kumtetea mtu dhidi ya Serikali, na hilo ni jema, kwa maana Serikali ina nguvu. Hazijajifunza bado kumtetea mtu aliyeumizwa na jirani yake kisha akasahauliwa na Serikali hiyo hiyo. Katika kesi ya jinai dola hushika nafasi ya mwathiriwa, hunena kwa jina lake, hushinda kwa jina lake, kisha huondoka na jalada. Yeye hubaki na kaburi.

KATIBA NA SHERIA ZASEMAJE

Wala haya si mawazo ya kubuni. Kifungu cha 50(9) cha Katiba kiliagiza Bunge litunge sheria ya kuwalinda waathiriwa wa makosa, haki zao na ustawi wao. Bunge likatunga Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya mwaka wa 2014. Sheria hiyo inasema kwamba mwathiriwa ana haki usalama wake na wa familia yake uzingatiwe wakati wa kupanga masharti ya dhamana na ya kuachiliwa kwa mkosaji. Inampa pia haki ya kuwasilisha habari mbele ya mahakama wakati wa kutoa adhabu, na mbele ya Kamati ya Ushauri inayomshauri Rais kuhusu msamaha. Nayo Mahakama ya Juu, katika kesi ya Joseph Lendrix Waswa mwaka wa 2020, ilikubali kwamba mwathiriwa si mtazamaji tu wa kesi; aweza kushiriki, chini ya usimamizi wa jaji, mradi haki ya mshtakiwa isivunjwe.

Maneno mazuri. Sasa tazameni mianya.

Mwanya wa kwanza ni neno moja. Kifungu cha 133 cha Katiba, kinachohusu msamaha wa Rais, kinasema Kamati ya Ushauri yaweza kuzingatia maoni ya waathiriwa. Yaweza. Haikulazimishwa. Katika nchi hii tunajua kinachotendeka kwa jambo ambalo ofisi yaweza kulitenda au kutolitenda. Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliwabadilishia hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha wafungwa 2,747 kwa mpigo mmoja. Hatuipingi hatua hiyo, maana kitanzi hatukipendi. Tunauliza tu: nyuma ya wafungwa 2,747 kuna makaburi mangapi, na ni familia ngapi zilizopata habari hiyo kwa redio pamoja na watu wengine wote?

Mwanya wa pili ni mkubwa zaidi. Msamaha una Kamati yenye jina na ofisi, na mwathiriwa ameambiwa aweza kuipelekea habari zake. Lakini mgonjwa aliyezuiliwa kwa kifungu cha 166 hutoka kwa njia nyingine, njia ya ripoti ya msimamizi. Katika njia hiyo hakuna mstari wala nafasi iliyoachwa kwa mwathiriwa. Wakili mwerevu ataweza hata kubisha kwamba mtu aliyeonekana mwendawazimu si mkosaji kwa maana ya Sheria ya 2014, na kwa hiyo aliyeumizwa naye si mwathiriwa. Yaani mtu auawe nusu: afe kwa panga, asife kwa sheria.

Mwanya wa tatu ni ruhusa ya muda. Kabla mgonjwa hajaachiliwa kabisa, busara ya tiba hutaka arudishwe kwa watu hatua kwa hatua: siku moja na mwuguzi, siku mbili nyumbani, kisha wiki. Sisi twaiunga mkono busara hiyo kuliko kumfungulia mtu lango ghafla baada ya miaka kumi na mitano. Lakini ruhusa ya siku mbili kwa mgonjwa ni siku mbili za hofu kwa asiyearifiwa. Mei 2013, wagonjwa wapatao 40 walipotoroka Mathari kwa siku moja, nchi nzima ilijua kabla ya jua kutua, maana walitoroka. Anayetoka kwa barua yenye muhuri hatangazwi na mtu, ingawa ndiye anayekwenda moja kwa moja kwenye boma lile lile.

TUNAWAJIBU WANAOPINGA

Wapo rafiki zetu, watetezi wa haki za wagonjwa, watakaosema: siri ya mgonjwa ni takatifu. Tunakubali. Mwathiriwa hana haja ya kujua jina la ugonjwa, wala dawa, wala mgonjwa alimwambia nini daktari wake. Anahitaji kujua mambo matatu: lini, wapi, na kwa masharti gani. Hayo si mambo ya tiba. Ni mambo ya amri iliyotolewa kwa jina la wananchi.

Watasema pia: mkimwuliza mjane atataka kisasi, na mgonjwa hatatoka kamwe. Hapa tunatofautiana nao vikali. Kumwuliza mtu si kumpa kura ya turufu. Kama mgonjwa amepona ni swali la daktari, na kama aachiliwe ni swali la jaji. Mjane haulizwi hayo. Anaulizwa yale anayoyajua yeye peke yake: kwamba nyumba anakotaka kurudishwa mgonjwa iko ua mmoja na ya marehemu, kwamba ugomvi wa shamba ulioanza kabla ya ugonjwa haujaisha, kwamba aliyejitolea kumwangalia ni mlevi, kwamba mtoto bado anapiga kelele usingizini. Daktari anayemwona mgonjwa wodini hawezi kuyajua haya. Ripoti isiyo na haya ni ripoti ya mtu aliyepimwa mahali ambapo hataishi.

Tena ni dharau kudhani kwamba aliyeumizwa hana jingine moyoni ila kisasi. Mara nyingi katika makosa haya aliyeua na aliyeuawa ni wa tumbo moja. Bibi mmoja aweza kuwa mama wa marehemu na mama wa mgonjwa, akawa anaomba kwa Mungu usiku ule ule mwanawe arudi, na mwanawe asirudi. Nani atathubutu kumwambia bibi huyo kwamba maoni yake yataharibu haki?

Wa tatu watasema hakuna fedha. Gharama ya barua, simu na safari ya afisa wa probesheni kutoka Thika hadi Gitothua haiwezi kulinganishwa na gharama ya kesi ya pili ya mauaji. Kazi yenyewe si ngeni: maafisa wa probesheni tayari huandikia mahakama taarifa kuhusu nyumba na jamii ya mkosaji. Tunataka wavuke ua na kubisha mlango wa pili.

Na kwa wale wa upande mwingine, watakaosoma makala haya wakaona ni silaha ya kuwafungia wagonjwa wa akili, tunasema: msitusome vibaya. Walio wengi mno kati ya wagonjwa wa akili hawajamdhuru mtu. Wengi wao ndio hupigwa, hufungwa kamba, na hufichwa vyumbani. Katika mfano wetu, kabla ya panga kulikuwa na nauli iliyokosekana. Dawa iliyo karibu na nyumbani ni ulinzi wa kwanza wa mwathiriwa.

WENGINE WAMEWEZA

Waingereza, waliotuachia lile neno radhi, wenyewe wamesonga mbele. Kwa sheria yao ya mwaka wa 2004 kuhusu waathiriwa, aliyetendewa kosa kubwa la ukatili au la ngono na mtu ambaye kisha aliwekwa hospitalini kwa amri yenye vizuizi ana haki ya kutoa maoni yake kuhusu masharti ya kuachiliwa, na kuambiwa masharti yanayomhusu. New Zealand, kwa sheria yake ya haki za waathiriwa ya 2002, iliweka utaratibu wa kumwarifu mwathiriwa aliyejiandikisha, hata pale mkosaji anaposhikiliwa hospitalini badala ya gerezani. Katika nchi hizo wagonjwa bado hutoka, na madaktari bado hutunza siri.

Wala hatuhitaji kuvuka bahari. Wazee wetu wa kiama hawakumrudisha mwenye damu mikononi bila nyumba mbili kukaa pamoja na kusemezana. Hatusemi mila ile ilikuwa kamilifu. Mara nyingi mwanamke hakusikizwa humo. Lakini walijua jambo ambalo wizara haijalijua: kwamba mtu harudi katika jalada, hurudi kijijini.

MADAI YETU

Tunadai basi, kwa Bunge, kwa Mwanasheria Mkuu, kwa Mahakama na kwa wizara zinazohusika:

Kwanza, sheria yoyote itakayosimama mahali pa radhi ya Rais imtaje mwathiriwa kwa jina lake, na iseme wazi kwamba aliyeumizwa na mtu asiye na akili timamu ni mwathiriwa sawa na wengine.

Pili, siku ile uamuzi unapotolewa, familia ya aliyeumizwa iulizwe kama inataka kuarifiwa siku za mbele, na anwani yake iandikwe katika daftari. Asiyetaka kukumbushwa aachwe kwa amani yake.

Tatu, aliyejiandikisha apewe taarifa si chini ya siku 60 kabla ya ruhusa ya kwanza ya kutoka, kabla ya kuhamishwa kutoka ulinzi mkali, na kabla ya kuachiliwa. Mgonjwa akitoroka, aarifiwe saa ile ile.

Nne, asikizwe kuhusu masharti, kwa maandishi au kwa mdomo, kwa Kiswahili, Kikuyu au lugha yoyote aijuayo, mbele ya afisa wa probesheni au mahakama, bila kulazimishwa kukaa uso kwa uso na aliyemwumiza. Lile neno yaweza lifutwe, na mahali pake liandikwe lazima.

Tano, ajulishwe uamuzi na sababu zake kwa kadiri zinavyomhusu: mgonjwa ataishi wapi, nani anamwangalia, na yeye apige simu wapi akiona hatari. Ikiwa boma ni moja, Serikali itafute makao mengine kwa mgonjwa kabla ya kumfungulia.

Sita, Hazina ya waathiriwa iliyoundwa na Sheria ya 2014 iwafikie watu wa mashinani kwa ushauri nasaha na msaada, hasa watoto walioona.

Saba, na hili tunalisema kwa sauti ile ile: mgonjwa apitiwe kwa wakati, awe na wakili, ripoti yake isilale dawatini, na akitoka akute dawa zake karibu na nyumbani. Haki ya mwathiriwa isigeuzwe kisingizio cha kumsahau mgonjwa.

KAZI YA MAKANISA

Ndugu waumini, yapo mambo yasiyongoja Bunge. Mnakwenda Gereza la Thika na Gereza la Ruiru na sabuni, mikate na nyimbo, na Bwana awalipe. Lakini je, kuna kikundi hata kimoja katika parokia au usharika wenu ambacho kazi yake ni kuzitembelea familia za walioumizwa na hao mnaowaimbia? Tunawaomba jumuiya ndogo ndogo, Mothers' Union, Woman's Guild na vikundi vya vijana wafanye mambo mawili. Zitafuteni familia hizo katika mitaa yenu, mzisaidie kuandika barua kwa ofisi ya probesheni na kwa mahakama iliyosikiza kesi, kuuliza hali ya mtu aliyezuiliwa na kutaka ziarifiwe. Nakala ibaki na mchungaji au padri. Na habari ya kurudi kwa mgonjwa itakapokuja, kanisa liwe daraja: liende kwanza kwa aliyeumizwa, kisha kwa mgonjwa, wala lisikimbilie kumdai mtu msamaha ambao hajawa tayari kuutoa.

Mnakumbuka habari ya yule mtu wa nchi ya Wagerasi, aliyekaa makaburini na ambaye minyororo haikumweza. Alipoponywa, hakuachwa makaburini. Aliagizwa arudi nyumbani kwa watu wake. Hilo ndilo neno letu kwa wanaotaka wagonjwa wafungiwe milele. Lakini Injili haikuficha kwamba watu wa mji ule waliingiwa na hofu kuu. Hofu yao iliandikwa, imesomwa makanisani karne hata karne. Hofu ya watu wa Gitothua na Kiandutu haijaandikwa popote.

Tulipodai kifungu cha 2A kiondolewe, nacho kikaondolewa Desemba 1991, tulisema kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kuwafikiria wote. Tulisema anayeathirika na uamuzi sharti asikizwe kabla ya uamuzi. Tuliyasema hayo kuhusu kura, kuhusu ardhi, kuhusu kizuizi bila mashtaka. Leo tunayasema kuhusu mama mwenye kikapu cha viazi. Wahenga walituonya: mwenye kovu usidhani kapoa. Msidhani basi, mwulizeni.

Barua zianze kuandikwa Jumapili hii, baada ya ibada.